Basi la Njano Kwenye Uzio Wangu

Jumatano, 2 Oktoba

Nimechukua daftari la Nice la mwaka jana, lile la hesabu, kurasa nyingi bado nyeupe. Mimi niliishia darasa la tano na mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya huku kwetu, lakini humu hakuna wa kunisahihisha. Kuna jambo limenikaa kifuani na sina wa kumwambia. Ukiwa na msiba watu wanakuja na unga. Ukiumwa wanakuja na chai. Ukiwa na wivu utamwendea nani?

Basi la njano linapiga honi saa kumi na moja na nusu alfajiri, hapa hapa kwenye uzio wangu. Halijaja kwangu. Linamfuata Arnold, mtoto wa nyumba ya juu, ila barabara yetu ni nyembamba na mahali pa kugeuzia ni kwangu tu. Kwa hiyo kila siku linarudi kinyumenyume mpaka karibu na migomba yangu, taa zinaingia chumbani, na Nice anaamka anachungulia. Shule yake yeye inaanza saa mbili na anakwenda kwa miguu. Hana sababu ya kuamka saa hizo.

Arnold na Nice wamezaliwa wiki moja. Wametambaa kwenye mkeka mmoja, na mkeka ulikuwa wangu. Leo Arnold anamfukuza mbwa wetu kwa Kiingereza na mbwa anaondoka.

Alhamisi, 3 Oktoba

Vumbi. Basi limevunja kigingi kimoja cha uzio. Dereva ameomba samahani kwa Kiswahili.

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya ibada Mama Arnold alinishika mkono pale kwenye ngazi za kanisa. Jina lake ni Agnela, mtu wa Machame, mume wake Ludovick ana duka la vifaa vya ujenzi pale Usa River. Alivaa kitenge kipya, kile ambacho mikono imejaa kama mito ya kulalia.

"Mama Nice, shuleni kwa Arnold wanafanya usaili tarehe tisa mwezi ujao. Mlete mtoto, dada. Nice ana akili."

"Tutaona," nikasema.

"Utaona nini? Watoto wakichelewa, Kiingereza kinakuwa kigumu. Usimwache Kayumba."

Kayumba ndilo jina wanalozipa shule za serikali. Alilisema taratibu, kwa upendo, kama unavyomwambia mtu ana mchicha kwenye meno. Njia nzima nilikuwa namjibu kichwani. Kichwani mimi ni hodari sana.

Jumatano, 9 Oktoba

Soko la Tengeru. Ndizi mshare zimeuzika, ndizi ng'ombe zimerudi. Mama mmoja alikuja kununua na mtoto wake, mtoto akahesabu ndizi kwa Kiingereza mpaka ishirini, mama anatabasamu anatuangalia wote. Nilimuuzia kwa bei ya juu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kikao cha wazazi shuleni kwa Nice. Nimeingia darasa lake. Darasa la tatu wako mia moja na kumi na wawili. Wanakaa wanne dawati moja, wa pembeni goti moja liko nje, na wakiandika wanapokezana kuinama. Dirisha moja limezibwa kwa gunia la mbolea.

Mwalimu Meitamei, anayewafundisha, ni mtu mzima, mvi zimeanzia masikioni. Nikamwamkia, nikamuuliza waziwazi. Mwalimu, mtoto akimaliza hapa, huko mbele atashika?

Hakunipaka mafuta. "Mama Nice, hapa hesabu atazijua, Kiswahili atakijua. Kidato cha kwanza masomo yote yanageuka Kiingereza, na hapo watoto wetu wengi wanaangukia. Sikudanganyi. Lakini huyu wako nikiuliza swali, mkono wake ndio naukuta juu."

Nilitakiwa nifurahi. Badala yake nilisikia aibu kwa lile gunia la mbolea, kama vile nimelifunga mimi.

Jioni nikaongea na Baba Nice. Yeye ni mtu wa shamba la maua, anakata waridi na kuyafunga. Alikuwa ananawa miguu.

"Kwani mimi nimesoma wapi?" akasema. "Nimesoma hapo hapo. Nimekufa?"

"Hujafa. Unafunga maua ya watu."

Aliendelea kunawa mguu ule ule, ambao ulishatakata zamani. Ningelirudisha lile neno kama lingerudi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Wingu limekaa mlimani siku tatu, Meru haionekani. Mvua hainyeshi. Basi limepiga honi mara mbili, Arnold alichelewa kuamka. Hata kuchelewa kwao kunanisumbua mimi.

Jumanne, 22 Oktoba

Tumeyamaliza. Nilimpikia kiburu cha ndizi na maharage, akala, nikasema lile neno la maua lilinitoka vibaya. Akasema, "Lilikuwa la kweli, ndiyo maana limeuma." Halafu akasema yule mtamba wetu ni wangu, uzao wa ng'ombe niliyepewa na mama yangu nilipomzaa Nice, na nikitaka kumuuza kwa ajili ya ada hatanizuia. Nilikuwa sijamtajia mtamba. Alishaona ninavyomwangalia.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua. Hatimaye.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua. Nice amekaa barazani na Arnold wakicheza shule. Mwalimu ni Arnold. Nice anajibu "yes" kwa kila kitu. Nilimwita aje kuchambua maharage, ambayo nilishayachambua.

Jumamosi, 9 Novemba

Siku ya usaili. Naandika yote.

Nilimvalisha gauni la Krismasi na viatu nilivyovipaka mafuta ya kupikia, maana rangi imeisha. Tope lilitufika kwenye vifundo, tulipofika getini tukajifuta kwa majani. Hiyo shule ina nyasi. Nyasi za kukaa tu, hakuna ng'ombe wa kuzila. Ukuta una picha za wanyama, na madarasa yana viti vidogo, kila mtoto chake, kwa rangi. Nilivihesabu. Ishirini na vinne. Nilivitaka vyote.

Waliwaingiza watoto, sisi wazazi tukabaki kwenye benchi. Mama mmoja Mhindi, anaitwa Nalini, alikuwa amemleta mjukuu wake. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, anakunja na kukunjua mfuko wa chakula. "Mwaka jana walimkataa," aliniambia, "anasema kidogo sana, mtoto wangu huyu." Nikashangaa kumbe na wao wanakataliwa. Nilipata nguvu kidogo, Mungu anisamehe.

Baadaye mwalimu mkuu, dada mdogo tu mwenye miwani, aliniita na karatasi ya Nice. Hesabu amepata zote isipokuwa moja. Kiingereza ameandika jina lake, jina la mbwa, na siku nne za wiki.

"Tunampokea," akasema. "Ana uwezo. Ila mwakani ataanza darasa la pili."

"Mwakani yeye anaingia la nne."

"Kwa lugha yake, mama, hawezi kuingia la nne. Ni kawaida, wote wanaotoka shule za serikali tunawarudisha. Na malipo ya muhula yote yawe yameingia benki kabla ya tarehe ishirini na tisa, nafasi ni chache."

Nice alikuwa amesimama pembeni yangu. Alishika kidole changu kimoja, kile kidogo, na hakukiachia mpaka tulipofika njia ya Makumira.

"Mama, darasa la pili si nilishamaliza?"

"Utalirudia kwa Kiingereza."

"Arnold atakuwa la nne."

"Ndiyo."

"Sawa," akasema.

Nilifurahi kwamba amekubali haraka. Nilifurahi kiasi kwamba nilimnunulia mandazi mawili. Usiku nililala nikiona basi linageuza kwenye uzio na mlango unafunguka upande wangu.

Jumatano, 13 Novemba

Mama Arnold amesikia. Amesema, "Hongera, dada, karibu kwetu." Kwetu. Kana kwamba shule ameijenga yeye.

Jumamosi, 23 Novemba

Mtamba ameondoka. Amechukuliwa na Loserian, mfugaji wa Oldonyo Sambu, mtu mpole, alimshika masikio kabla ya kumfunga kamba. Alinipa laki nane na nusu mkononi. Tulishapiga hesabu mara tano: ada ya muhula, sare, basi. Inatosha barabara, haibaki hata ya chumvi.

Benki zimefungwa mpaka Jumatatu. Nimefunga pesa kwenye kitambaa, nimeziweka kifuani. Nyumbani siziachi, mlango wetu unafunguka kwa kusukumwa.

Jumapili, 24 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Leo ilikuwa Sikukuu ya Mavuno, mtaa wetu huwa wa mwisho kila mwaka. Kila nyumba inapeleka kitu madhabahuni, na baada ya ibada vitu vyote vinatolewa nje na kupigwa mnada, pesa inakwenda kwenye jengo la kanisa. Kila mtu anajua bei ya pale sio bei ya sokoni. Yai linaweza kuuzwa elfu tano. Unanunua mbele ya watu, jina lako linatajwa, unapigiwa makofi, na ukitaka unampa mtu mwingine kile ulichonunua, makofi yanaongezeka.

Mimi nilipeleka mkungu wa mshare. Mzuri, sijisifu, vichana kumi na kimoja. Sokoni ungetoka kwa elfu kumi na tano.

Mnadi wetu ni Mzee Kaanaeli, mzee wa kanisa, ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Mama Arnold alianza mapema. Alinunua mayai akampa mchungaji. Alinunua kabichi akampa bibi wa kwaya. Makofi. Mikono yake ya kitenge inapanda na kushuka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi na akina mama wa sokoni, najituliza.

Halafu Mzee Kaanaeli akaunyanyua mkungu wangu. "Haya, mshare wa Mama Nice. Nani anataka supu ya mtori?"

"Elfu ishirini," akasema Mama Arnold, na akanigeukia akatabasamu.

Lile tabasamu. Nikaona picha nzima: ananunua ndizi zangu, ananipa mimi mwenyewe mbele ya usharika, wanampigia makofi, nami nasimama kusema asante. Mdomo wangu ukasema, "Thelathini."

Watu wakacheka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Wewe, si ni wa kwako?"

"Thelathini, Mama Nice mwenyewe," akasema Mzee Kaanaeli. "Anaujua utamu wake."

"Arobaini."

"Hamsini."

"Sitini," akasema Mama Arnold. Sasa hakuwa anatabasamu. Mume wake, Ludovick, alikuwa amesimama nyuma yake akisema polepole, Agnela, Agnela.

Ningenyamaza pale ingekuwa mzaha, watu wangecheka tukaenda nyumbani. Lakini makofi yalikuwa yameanza kupigwa kwa ajili yangu. Sikuwahi kupigiwa makofi tangu siku ya harusi. Sabini. Themanini. Laki. Baba Nice alikuwa kwa wanaume upande wa pili, nikamwona ananyanyuka, nikageuza macho.

"Laki na nusu," nikasema, na hata sikujua nani alikuwa ametaja kabla yangu.

Mzee Kaanaeli aliniangalia, na nadhani alinionea huruma, maana alirudia mara ya tatu taratibu sana, akimtazama Mama Arnold kama anamwomba. Mama Arnold akatikisa kichwa.

"Umeuzwa."

Wakapiga vigelegele. Niliingiza mkono kifuani mbele ya watu, nikafungua kitambaa, nikahesabu. Halafu nikaweka mkungu wangu kichwani, nikapanda nao ile njia ile ile niliyoshuka nao asubuhi.

Baba Nice hakunigombeza. Alikuja kukaa jikoni, akatazama mkungu, akasema, "Angalau ungenunua wa mtu mwingine tungekuwa na miwili." Halafu akacheka mpaka akalia, na mimi nikalia bila kucheka.

Jumatatu, 25 Novemba

Sikwenda benki. Pesa haitimii. Mvua.

Jumanne, 26 Novemba

Mama Arnold amekuja. Alipiga hodi mlango wa nyuma, wa jikoni, kama zamani kabla hawajajenga ghorofa. Alivua viatu. Nilikuwa namenya zile ndizi, tumezila asubuhi, mchana na jioni.

Akachukua kisu cha pili akaanza kumenya. Tukamenya vichana viwili.

"Ulinipandishia bei kwa nini?" akasema.

"Nilidhani unanionyesha kwamba una pesa."

"Nilitaka ule mkungu. Arnold hali mtori wangu, anasema wa Mama Nice ndio mtori." Akamenya nyingine. "Na nilikuwa nakuonyesha pia. Kidogo."

Nikamheshimu kwa hilo. Mwingine angekataa.

Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Wewe mtoto wako anarudi mchana. Nawasikia kutoka kule juu mnavyocheka. Wangu anapanda basi kuna giza, anashuka kuna giza, anakula amesinzia. Juzi jino limemtoka shuleni, limetupwa. Sikuliona. Limeota lingine, na hilo nimeambiwa na dada wa kazi."

Nilitakiwa nimwambie pole. Nilimsogezea sufuria, nikasema, "Ongeza chumvi hapo." Lakini moyoni nilinyanyuka kama mtu aliyetuliwa ndoo. Ana wivu na mimi. Yeye, mwenye ghorofa. Nikataka arudie.

Alipokuwa anaondoka akasema atanijazia iliyopungua, nimlipe nikiweza, hata mwakani. "Usikose nafasi ya mtoto kwa ajili ya ndizi."

Nikasema nitafikiri.

Jumatano, 27 Novemba

Nimefikiri sokoni kutwa nzima. Nikichukua pesa yake, kila nikimwona Nice amevaa ile sweta nitakuwa namwona Agnela. Nisipochukua, nimemnyima mtoto wangu Kiingereza kwa sababu ya moyo wangu mbaya. Maneno ya Mwalimu Meitamei ya kuangukia kidato cha kwanza yananizunguka. Nimekosea chenji mara mbili.

Alhamisi, 28 Novemba

Leo mchana nilikuwa nakunja nguo, nikaona madaftari ya Nice juu ya kitanda. Kila daftari ameandika jina lake, shule, na darasa, Darasa la III, kwa kalamu ya risasi. Yote saba yamefutwa kijiti kimoja. Yamekuwa Darasa la II. Alikuwa amefuta kwa uangalifu, karatasi haikuchanika.

Alikuja akanikuta nayo.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nazoea."

"Unataka kwenda kule?"

Akayachukua madaftari akayapanga. Nikamwambia sigombi, nataka kujua.

"Wewe unapenda lile basi, mama," akasema. "Nilikuona unavyoliangalia."

Kumbe wakati mimi namwona anachungulia dirishani, yeye alikuwa ananichungulia mimi.

Nikamuuliza tena. Akasema vile viti vya rangi ni vizuri. Akasema wale wa darasa la pili wana miaka saba, na dada wa miwani alimwambia atakaa nyuma kwa sababu ni mrefu. Akasema shuleni kwake Mwalimu Meitamei humpa chaki aandike majibu ubaoni. Akasema tena, "Lakini nikienda nitasoma, mama. Usijali."

Mtoto wa miaka tisa ananiambia nisijali.

Ijumaa, 29 Novemba

Siku ya mwisho. Saa nne asubuhi nilipanda kwa Mama Arnold, nikamkuta anafua.

"Sitachukua," nikasema. "Nice anabaki."

"Kwa sababu yangu?"

"Wiki iliyopita ingekuwa kwa sababu yako. Leo hapana. Nilikuwa natafuta basi, dada, sikuwa natafuta shule. Mtoto hawezi kurudi nyuma madarasa mawili ili mimi nipigiwe honi."

Akakamua nguo aliyoishika. "Na Kiingereza?"

"Hilo linanitisha. Sijapata jibu."

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Meitamei. Akasema yeye yuko tayari kubaki saa moja baada ya masomo, Kiingereza kwa wanaoingia la nne, bure, ila darasa analopewa jioni halina kitu, watoto watakaa chini kwenye sementi. Nikamwambia dawati moja ninalo. Sikuwa nalo.

Ijumaa, 6 Desemba

Shule zimefungwa. Nice amekuwa wa tatu kati ya mia moja na kumi na wawili. Nimeuliza wa kwanza na wa pili ni watoto wa nani. Nimeambiwa. Nawafahamu wale mama.

Jumamosi, 14 Desemba

Pesa ya mtamba iliyobaki, Baba Nice amenunua ndama mdogo, na nyingine nimempelekea fundi Oscar atengeneze dawati. Mbao za mgrevilea, misumari mirefu, hakuna kazi ya kubabaisha. Nilimwambia achonge N ndogo chini ya ubao, pasipoonekana. Sitaandika uongo humu: nilitaka Nice awe na kitu ambacho Arnold hana. Arnold ana kiti cha shule. Nice atakuwa na dawati lake.

Jumatano, 8 Januari

Tumelipeleka dawati shuleni kwa mkokoteni, mimi, Oscar na Baba Nice. Meru imetoka yote, haina wingu. Mwalimu mkuu wa shule ya Nice ameandika kwenye kitabu, ameshukuru. Nilifuta vumbi mara tatu kabla ya kuondoka.

Jumatatu, 13 Januari

Basi limepiga honi. Arnold alipunga mkono dirishani akiwa bado na usingizi, Nice akampungia, akarudi kulala. Mimi sikurudi.

Alasiri nilikwenda kuona lile somo la Kiingereza. Nilisimama dirishani, na hili halina hata gunia la kuzibia, wala kioo. Walijaa. Waliosikia ni bure wamekuja mpaka wa darasa la tano. Nikatafuta dawati langu. Liko mbele kabisa, limekaliwa na wasichana wanne nisiowajua, mmoja na sweta ya mtu mzima mikono imekunjwa mara nne. Nice alikuwa nyuma kwenye sementi, amekunja miguu, daftari juu ya goti. Darasa la IV, ameandika kwa wino.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikagonga fremu ya dirisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Nice. Karibu." Chaki mkononi, anasubiri. Watoto wote wamegeuka. Nice naye amenitazama, hakutikisa kichwa wala kufanya ishara yoyote, ameniangalia tu, kama anavyoniangalia siku zote kumbe.

"Lile dawati," nikasema.

"La nani, mama?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu lenye herufi iliyochongwa kwa chini.

"La shule," nikasema. "Nilikuwa nauliza tu kama linayumba."

Yule wa sweta kubwa akaweka viganja vyote viwili juu ya mbao, akalisukuma kwa nguvu zake zote, kulia, kushoto.

"Haliyumbi, mama," akasema.